Barua kwa Koku, aliyekabidhiwa mpango wa dharura

Bukoba,
Jumapili jioni

Rafiki yangu Koku,

Habari za huko Lindi? Huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema mwaka huu hakuwekei senene tena, waliopita waliishia kuliwa na wajukuu.

Nimefurahi kusikia wamekuingiza kwenye timu ya afya ya halmashauri na kukukabidhi kuandika mpango wa dharura. Umeomba nikutumie wa kwetu uwe kielelezo. Nitakutumia, ila usiunakili tu, Koku. Mengi yaliyotuhangaisha mwaka 2023 hayamo mle.

Unakumbuka usiku ule nilikupigia nalia? Bulinda na Butayaibega, vijiji vya hapahapa Bukoba Vijijini, watu walikuwa wakiugua homa, wanatapika, wengine wanatoka damu, na misiba inafuatana. Kabla jina la ugonjwa halijapatikana kila mtu alikuwa na lake: sumu, ulozi, ugomvi wa shamba. Sampuli zikapimwa Dar es Salaam, na tarehe 21 Machi Waziri Ummy Mwalimu akatangaza kuwa ni Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9, ukimhesabu na mmoja ambaye hakuthibitishwa kwa kipimo, na 6 wakafariki. Miongoni mwao alikuwemo mhudumu wa afya mwenzetu. Ndiye niliyekuwa namlilia.

Mtu akisikia 9 anaona ni wachache. Lakini nyuma ya kila mgonjwa kuna waliomuuguza, waliomwosha, waliolala naye chumba kimoja, na kila mmoja anafuatiliwa siku 21, anapimwa joto, anaulizwa ameamkaje. Nilipewa kaya zangu. Kwa bibi mmoja aliyekuwa ameshiriki msiba, siku ya pili hakufungua mlango. Alisimama dirishani akaniambia, "Mwanangu, umenikataza kutoka. Ndizi ziko shambani, ng'ombe hajanywa maji. Umenijia na nini mkononi?" Nilikuwa na kipimajoto.

Tulikaa na mwenyekiti wa kitongoji, akapatikana kijana wa kumkatia mkungu na kumchotea maji, anaviacha uani na kuondoka. Baada ya hapo bibi akawa ananisubiri kibarazani. Siku ya sita akanitajia waombolezaji wawili kutoka Muleba ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote. Hebu fikiri: tungeendelea kumgongea na kipimajoto peke yake, wale wawili tungewajulia wapi? Kwa hiyo chakula cha waliozuiwa majumbani kiwekee fungu lake kwenye bajeti, na usikubali wakifute wakikuambia hayo ni mambo ya ustawi wa jamii. Mafuta ya pikipiki nayo uyaandike kwa lita. Mimi nilitia ya mfukoni wiki mbili, na posho ilipokuja nilishaisahau.

Maabara imesogea, hilo sitalinyima sifa. Mlipuko wa Biharamulo, Januari 2025, kipimo kilifanyika kwanza kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, hukuhuku Kagera, ndipo Dar ikathibitisha. Ulikwisha tarehe 13 Machi. Hata hivyo waliofariki walikuwa 10, na kati yao 8 hawakuwahi kuthibitishwa kwa kipimo. Unaona penye tundu? Mashine ya kupima haimfuati mtu nyumbani. Lazima kuwe na mhudumu wa zahanati anayeshtuka kuona homa imeondoka na watu wawili wa nyumba moja, mwenye namba ya kupiga, na asiyeogopa kufokewa kwamba anazua taharuki.

Halafu kuna suala la kauli. Kwenye mlipuko huohuo wa Biharamulo, tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilisema kuna ugonjwa unaoshukiwa kuwa Marburg, serikali ikasema sampuli zilizopimwa hazina kirusi, na tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma na Dkt. Tedros, mkuu wa shirika hilo, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Pengine kila kauli ilikuwa sahihi siku ilipotolewa. Ila kijijini mtu anasikia redio ikijipinga, na maswali anamletea nani? Afisa afya wa kata. Panga mapema nani atasema, na ajizoeze kusema "bado tunapima" bila haya.

Wenzetu wa taifa watakukumbusha kwamba Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kukubali tathmini ya pamoja na wataalamu wa nje, inayopima utayari wa nchi kukabili milipuko ya magonjwa, Februari 2016. Ni kweli, na ilihitaji ujasiri. Lakini alama zile ni za nchi nzima. Wewe nenda kwenye zahanati yako ya mbali kuliko zote, omba wakuonyeshe glavu zilizobaki, kisha waambie wampigie mtu wa maabara mbele yako.

Ndani ya bahasha utakuta mpango wetu na orodha ya simu za dharura iliyobandikwa nyuma yake. Juzi nilikaa nikazipiga zote. Zile nilizokata kwa wino mwekundu ni za waliohamishwa au hazipatikani. Ni saba kati ya kumi na tisa. Kesho naanza kuziandika upya.

Wako,
Adela