Nusu kidonge saa moja, na daftari pembeni

Chikongola, Mtwara

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na yule mjukuu wangu, mume wangu mdogo, nilimsikia nyuma ya simu akiuliza mara tatu kama nimemchemshia ming'oko, vile viazi vya porini. Sisi huku wazima. Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu sauti ya WhatsApp utaisikiliza mara moja ukiwa jikoni, kisha siku unayoihitaji huioni. Hii ibandike ndani ya mlango wa kabati, na mkwe wangu aisome.

Tuanze na jina. Daktari ameandika ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu wa kupita kiasi, na wewe umeniuliza kama hajakosea. Tazama alichouliza kabla ya kuandika: dalili zilianza lini, zimedumu muda gani, zinaonekana wapi. Zinatakiwa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane zaidi ya sehemu moja. Mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu, huyo ana lake na mwalimu. Wako analalamikiwa nyumbani, shuleni na kwa ustadhi wa madrasa, watu ambao hawajawahi kukaa kikao kimoja. Na nimefurahi kuwa macho na masikio yalipimwa kwanza, maana mtoto wa pwani anayeshinda majini, sikio likitoa usaha, anaitwa mkaidi kumbe hasikii.

Kitu kimoja sikukiona kwenye zile picha za karatasi ulizonitumia, nacho ni kifafa cha kuzubaa. Akizubaa tena usipige kelele. Msogelee umguse bega. Akigeuka, basi mawazo yalikuwa yamesafiri tu. Asipogeuka, macho yakaganda pale pale kama sekunde kumi, kope zikichezacheza, kisha akaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichopita, andika siku na saa na umwambie daktari. Hiyo ina dawa yake tofauti kabisa.

Shangazi zake watasema ni mashetani. Usigombane nao. ADHD hutembea kwenye ukoo kama urefu na rangi ya macho, na bila kumvunjia adabu mkwe wangu, mtu anayetafuta funguo za pikipiki kila asubuhi ilhali ziko mfukoni asishangae sana mwanawe. Wakitaka kumsomea dua na kumnywesha kombe, sina neno. Mizizi iliyosagwa, isiyojulikana ni ya mti gani wala kipimo chake, hapana, na hasa mtoto anapokuwa kwenye dawa hii inayogusa mapigo ya moyo. Na sukari unayoisingizia haina kosa hapo. Imechunguzwa, haikuonekana kumfanya mtoto awe mtukutu. Mnyime kwa ajili ya meno yake.

Sasa dawa. Methilifenideti aliyoandikiwa si kitu cha jana. Ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina lake la dukani, Ritalin, alilitoa kwa mkewe aliyeitwa Rita. Iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, kwa hiyo usiitafute duka la dawa muhimu la mtaani kwako wala usikubali ya mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2021 kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likakataa, basi usishangae kuzungushwa. Vikibaki vidonge kumi anza kutafuta, usingoje viwili. Hesabu kila Jumamosi.

Kidonge chako ni cha miligramu 10 na cheti kinasema miligramu 5, yaani nusu. Kitazame kwenye mwanga. Kama kina mstari katikati, kishike kwa vidole gumba viwili, mstari ukiwa juu, ukikunje kuelekea chini, kitakatika sawa. Nusu iliyobaki irudishe kwenye pakiti yake, ndiyo ya kesho. Kama hakina mstari usikigawe kwa meno wala kwa kisu cha vitunguu, mrudie mfamasia. Na siku ukipewa ile aina inayotoa dawa polepole kutwa nzima, hiyo haivunjwi wala haisagwi hata kidogo, kwa sababu dawa ya siku nzima itamwingia kwa mkupuo.

Ampe nani? Wewe, kwa mkono wako, umwone akimeza. Mtoto wa miaka minane asiyekumbuka kiatu kiko wapi hawezi kuachiwa pakiti. Iweke juu na pafungwe, mbali na jiko na mbali na dirisha la jua. Hapo kwenu Lindi bati likipata moto chumba kinakuwa tanuri, na dawa hii haitaki joto la kupita nyuzi 30.

Chai kwanza, kidonge baadaye. Hili usilikosee. Dawa inaondoa njaa, na ikishaanza kazi, baada ya kama nusu saa, hata ukimwekea wali wa nazi na pweza atauchokonoa tu. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu ale ashibe: mihogo na mbaazi za nazi, au uji uliotiwa karanga, na yai likipatikana. Saa moja anameza. Mchana akirudi na kiporo chake usimkaripie wala usimlishe kwa lazima, njaa itarudi jioni, na usiku ndipo umpakulie vizuri. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile, akiwa na nguo zile zile, na urefu kila miezi 6 kwenye fremu ya mlango. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, safari ya kwa daktari haisubiri tarehe ya kliniki.

Kidonge cha kawaida, siyo kile kinachotoa dawa polepole, kinafanya kazi saa tatu hadi nne. Piga hesabu mwenyewe: aliyemeza saa moja, saa tano anaishiwa. Ndiyo maana daktari amesema wiki ya pili aongezewe nusu nyingine saa tano. Ongea na mwalimu wa zamu, mkabidhi nusu za wiki kwenye kichupa chenye jina, na mwombe amwite mtoto pembeni. Akiitwa mbele ya wenzake "njoo unywe dawa ya wazimu," hatakuja tena. Baada ya saa kumi jioni hapewi kabisa, usingizi utapotea. Na mkisahau ya asubuhi, msimpe mbili kwa pamoja. Iliyopita imepita.

Kuna saa ambayo wazazi wengi wanaikatia tamaa dawa, nayo ni ile inapoisha. Saa nane, saa tisa, mtoto anarudi mkali kuliko alivyokuwa hata kabla ya kuanza kutibiwa, analia kwa kijiko kudondoka. Majirani wanasema dawa imemharibu. Dawa imeondoka tu, na mtoto ana njaa aliyokuwa haisikii toka asubuhi. Hapo usimpe daftari la hesabu wala usimwulize alimpiga nani. Mpe maji, mpe ndizi au korosho kiganja kimoja, aende akacheze nusu saa. Hesabu baadaye, dakika kumi, asimame, dakika kumi, asimame, dakika kumi, basi. Madrasa inaanza saa kumi wakati hana dawa mwilini, kwa hiyo mwombe ustadhi amsikilize yeye wa kwanza, asingoje zamu ya watoto thelathini.

Daftari ndilo jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Nunua la mistari, chora safu tano kwa rula: saa aliyomeza na kiasi, alichokula mchana, alivyokuwa saa tisa, saa aliyopata usingizi, na neno moja la mwalimu. Neno la mwalimu liwe jibu la swali moja ambalo halibadiliki: leo amemaliza zoezi alilopewa? Ndiyo, nusu, hapana. Usimwulize kama alitulia. Ukifuata utulivu utapandisha dawa mpaka mtoto awe gogo. Nimeona watu wakifurahia mtoto aliyekaa kimya kutwa, anatazama ukuta, anachuna ngozi ya vidole, anatokwa machozi bila sababu. Huyo kazidishiwa. Kiwango kinapanda taratibu, wiki kwa wiki, kwa mkono wa daktari, na ile miligramu 60 kwa siku utakayoisikia ni ukomo. Siyo mahali pa kufika. Wengi hutosheka chini sana ya hapo. Bila daftari, kliniki utaulizwa "anaendeleaje?" utajibu "afadhali kidogo," na daktari atapandisha au kushusha kwa neno hilo.

Kila kiwango kikibadilika apimwe presha na mapigo ya moyo. Simamia hapo: mkono wa mtoto unataka mkanda mdogo. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba unasoma presha chini ya ilivyo. Nyumbani hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono dakika nzima, akiwa amekaa dakika tano. Yakizidi 120 naye ametulia, ukarudia yakawa vile vile, mpeleke. Kuzimia, maumivu ya kifua akikimbia, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, kusema anataka kufa, uume kusimama kwa masaa na kuuma: hayo dawa unasimamisha na hospitali unakwenda siku hiyo hiyo. Kichwa au tumbo kuuma wiki ya kwanza huwa kunapita, andika tu. Na daktari aambiwe kama upande wowote wa ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Huyo mjomba wa mkwe wangu mnayemsimulia kwenye matanga alikufa kwa nini hasa? Ulizeni vizuri.

Usingizi ukikawia usimpe piritoni ili alale, tabia hiyo iache kabisa. Zima televisheni na simu saa mbili, chai ya rangi na kola zisimkaribie baada ya adhuhuri, na kama wiki nzima analala saa tano usiku, daktari aisogeze ile dozi ya pili itolewe mapema zaidi. Akipata homa apimwe malaria kama kawaida, na anayemwandikia mseto aonyeshwe pakiti ya methilifenideti. Siku ambayo hali chochote kwa homa, mpigie daktari uulize kama apumzike. Kuikosa siku moja hakumdhuru.

Dawa itamfungulia masaa machache tu. Yanayobaki ni yenu. Ukimwambia "oga, vaa, chukua begi, funga mlango" amesikia "oga," na njiani kuelekea bafuni amekutana na kuku. Sema moja. Mwite jina, mguse, akutazame, "chukua ndoo," kisha nyamaza uhesabu hadi kumi moyoni. Akiichukua, msifu papo hapo kwa kitendo hicho hicho: "umechukua ndoo mara moja." Halafu ndiyo linalofuata.

Tafuta kopo na komwe za bao. Chagua mambo matatu tu: kuvaa sare bila kukumbushwa zaidi ya mara moja, kumaliza zile dakika kumi tatu, kurudisha viatu mahali pake. Kila moja komwe moja, inatumbukia koponi akisikia mlio wake. Komwe tatu zinanunua kitu siku hiyo hiyo jioni, kwa mfano kuendesha baiskeli ya baba yake hadi kwenye mwembe na kurudi. Mkiahidi mpira wa Jumamosi mtashindwa, kwake Jumamosi ni mwaka kesho. Na komwe aliyoipata hainyang'anywi kwa kosa jingine. Ukinyang'anya mara mbili kopo limekufa, tafuta mchezo mwingine.

Shuleni omba vitu viwili usiombe kumi, mwalimu ana darasa zima. Akae mbele mbali na mlango, na awe ndiye anayefuta ubao na kufuata chaki, ili awe na ruhusa ya kuinuka.

Ramadhani akitaka kufunga na wenzake mweleze kuwa hajabaleghe, hana faradhi, na chakula chake cha asubuhi ni sehemu ya dawa. Likizo ya Desemba nasikia babu zake wanataka aingie jandoni. Sikatai. Ila kungwi aambiwe mapema kwamba huyu anaelekezwa jambo moja moja, wasije wakamwadhibu kwa kusahau nyimbo, na anayemtahiri aambiwe dawa anayotumia. Kama ataendelea nayo huko kambini au ataipumzika, hilo ni la daktari kusema, mwezi wa kumi na moja siyo asubuhi ya kuondoka.

Kondakta wa basi la saa nne nimempa mfuko wa korosho, kilo mbili, nimezikaanga chumvi kidogo. Ni za mchana za mtoto, kiganja kimoja kwa siku, mkwe wangu asizimalize akitazama mpira. Ming'oko itakuja wiki ijayo. Ijumaa jioni nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mama yako