Binti yangu amesikiliza rekodi ya kikao changu cha ushauri, nami sijui nianzie wapi

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa wengine miaka mingi nikiamini kwamba langu nitazikwa nalo. Limenishinda. Naomba unifichie jina, maana Nakuru ijapokuwa jiji siku hizi, wateja wangu wananitambua hata kwa mwandiko ninaoandikia vipimo vyao.

Nina miaka 33, ni fundi wa nguo, na kibanda changu kiko karibu na soko la Wakulima. Mume wangu ni dereva wa lori. Hupeleka mizigo Malaba na Busia, kwa hivyo tunamwona Jumamosi na Jumapili tu. Tumejaliwa watoto wawili. Kifunguamimba ni msichana wa miaka 14, yuko gredi ya tisa, na ndiye aliyenifanya niandike barua hii.

Siku ya Ijumaa, Januari 25, 2008, nilikuwa kidato cha pili na tulikuwa tukiishi Kaptembwa. Vita vya baada ya uchaguzi vilikuwa vimefika mtaani kwetu. Mama alitutoa nje na vile vitu vichache alivyoweza kubeba. Tulipofika langoni nikakumbuka begi langu la shule. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 19, akaniambia, “Wewe na vitabu vyako!” Akageuka mbio kulichukua. Nilimtuma mimi, Shangazi. Yaliyompata niliyaona kupitia ufa wa lango la mabati, nami hapa sitayaandika.

Tulilala Showground kwenye hema kwa miezi kadhaa. Tume ya Jaji Waki ilipohesabu waliouawa nchi nzima ilipata watu 1,133. Mama hajawahi kutaka kuisikia hesabu hiyo. Alipopewa zile shilingi 10,000 za Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa serikali wa kuwarudisha makwao waliofurushwa, alinunua cherehani kuukuu, nami nikaacha shule nikajifunza kushona. Ndiyo ninayoshonea hadi leo.

Kwa miaka mingi nilidhani ni tabia yangu tu. Sikai mahali nikaupa mlango mgongo. Usiku naamka mara tatu kukagua komeo. Mtoto akichelewa dakika kumi kutoka dukani, akirudi anakuta mama yake amegeuka simba, na dakika tano baadaye nalia jikoni. Niliombewa, nikafunga, nikakesha. Sisemi maombi hayakunisaidia, yalinishika nisianguke, lakini ndoto zilibaki palepale.

Kisha ikaja Juni 25, 2024. Vijana walikuwa barabarani wakiandamana, vitoa machozi vikapigwa, moshi wa matairi ukaingia kibandani. Nilikuwa nikimpima mteja kiuno. Nilipozinduka nilikuwa chini ya meza ya kukatia, nimeukumbatia mguu wa meza, na yule mama wa watu amepiga magoti akiniita kama unavyomwita mtoto. Ndiye aliyeniambia kwamba haya yana jina na yana matibabu. Sitaacha kumshukuru.

Kwenda kliniki ya hapa mjini niliogopa. Nusu ya wanaopita mbele ya benchi lile nimewashonea. Nikatafuta mshauri kwenye simu. Wa kwanza alijiita daktari, akachukua shilingi 3,000 kabla ya chochote, akaniambia nisamehe na nisahau, halafu akanyamaza. Wa pili ndiye niliye naye mpaka sasa. Anakaa Kisumu, mwendo wa saa tatu nne kwa matatu, basi tunaonana kwa simu ya video kila Alhamisi jioni, shilingi 1,500 kwa kikao. Safari hii nilijifunza: kabla ya kutuma hata ndururu nilimwomba namba yake ya usajili katika bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia, ile iliyowekwa na sheria ya 2014. Aliitoa bila kukasirika.

Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu PTSD, maradhi ya akili yanayombakia mtu baada ya tukio la kutisha. Nilidhani ni ugonjwa wa wanajeshi. Akasema madaktari wa Marekani waliuandika kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, wakiwa wameuona sana kwa askari waliotoka Vietnam, lakini kwamba unampata yeyote aliyepitia tukio la kutishia uhai au aliyeliona kwa macho likimpata mwenzake. Akasema kumbukumbu yangu ya siku ile haijakubali kuwa ya zamani, ndiyo maana harufu ya tairi inanirudisha langoni. Nililia kwa kufarijika, Shangazi. Miaka yote hiyo nilidhani nina roho mbaya.

Naomba nikueleze jinsi tunavyofanya, maana bila hayo hutaelewa shida yangu. Nafunga kibanda saa kumi na mbili, naufunga mlango wa mabati kwa ndani, naiegemeza simu kwenye rundo la vitambaa. Kila tukianza ananiuliza niko wapi hasa, na kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nimempa namba ya jirani yangu muuza mboga, ili mambo yakiharibika apatikane mtu wa karibu wa kunifikia. Wiki za mwanzo alinifundisha kujirudisha hapa nilipo: nitaje vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyovigusa, vitatu ninavyovisikia, viwili ninavyovinusa, kimoja ninachokionja. Mkasi, chaki, kipande cha kitenge cha samawati. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Siku hizi naufanya hata ndani ya matatu.

Baadaye tukaingia kwenye kazi yenyewe. Alisema huchukua kati ya vikao 8 na 15, nasi tulikuwa tumefika cha tano. Nafumba macho, nasimulia siku ile kana kwamba inatendeka sasa, mwanzo hadi mwisho, kisha narudia. Mara ya kwanza mtandao ulikatika nikiwa nimefika langoni. Nilifumbua macho nikaona skrini nyeusi, giza limeingia, na mimi nimeachwa kulekule. Sijui ilikuwa dakika ngapi kabla simu ya kawaida haijaita. Tangu hapo tumekubaliana: laini ikikatika ananipigia papo hapo, na nisipopokea anampigia muuza mboga. Nasema haya ili wasomaji wako wanaotafuta msaada wa aina hii wamuulize mshauri swali hilo mapema, wasingoje yawafike.

Tena kuna kazi ya nyumbani. Simulizi inarekodiwa, na natakiwa kuisikiliza kila siku, mpaka moyo uzoee na hofu ipungue. Na imepungua, Shangazi, nisiseme uongo. Mwezi uliopita nililala usiku mzima mara nne.

Sasa shida. Simu niliyo nayo ni moja, na binti yangu huitumia jioni kwa kazi za shule. Jumapili iliyopita nilifungua rekodi nisikilize. Ina dakika 40. Mimi nilikuwa nimeisikiliza yote hadi mwisho, lakini ilikuwa imesimama kwenye dakika ya 31. Dakika ya 31 naijua. Ndipo ninaposema, “Nimemtuma mimi, nimemtuma mimi.” Kabla ya hapo nimewataja waliofanya kitendo kile kwa jina la kabila lao, kwa maneno ambayo mtu mzima haneni mbele ya watoto.

Kabila hilo ndilo la mume wangu.

Yeye hakuwapo. Mwaka ule alikuwa Mombasa akitafuta kibarua. Tulikutana baadaye, nikampenda, na hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Anajua kwamba kaka yangu alikufa kwenye vita. Hajui kwamba niliona, wala hajui habari ya begi. Hata mama yangu hajui habari ya begi. Mume wangu hajui pia kwamba nina mshauri. Aliona ujumbe wa M-Pesa, kila Alhamisi pesa zinakwenda namba ileile, akaniuliza ni nani huyo. Nikasema ni mwenye duka la uzi. Alinitazama kidogo, akanyamaza. Naogopa kwamba anadhani nina mtu.

Binti hajaniuliza neno. Lakini tangu Jumapili hiyo, kila usiku kabla ya kulala, analeta begi lake la shule chumbani kwangu. Analiweka kando ya kitanda, zipu imefungwa, viatu vyake juu yake. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini, akasema, “Ili lisisahaulike.” Ninapomtuma chumvi, anakwenda mbio na kurudi anahema. Na Jumamosi baba yake alipoingia, yule mtoto ambaye humpokea mlangoni na kumvua koti alibaki chumbani akisema ana kazi ya shule. Baba yake akaniuliza, “Nimemkosea nini?”

Nimemweleza mshauri. Hakunilaumu. Alisema rekodi iwekwe nenosiri, na hilo nimelifanya, ingawa maji yameshamwagika. Alisema mtoto asiachwe peke yake na alichokisikia, na kwamba yupo mwenzake anayeshughulika na watoto, lakini wazazi wote wawili wangefaa kujua. Pia akanieleza kuna njia nyingine ya tiba isiyonidai nisimulie kila kitu kwa sauti: unalishikilia tukio akilini huku macho yakifuata kitu kinachotembea kushoto na kulia, hata kwenye skrini. Ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987. Nikitaka tutabadilisha. Ila uamuzi wa lini niseme na nimwambie nani kwanza, anasema ni wangu.

Hapo ndipo ninapokwama, na ndipo ninapohitaji mtu mzima aliyelea watoto akakaa na mume. Nikianza na binti, nitakuwa nimemfungia siri ambayo baba yake haijui, naye hawezi kuibeba; sura yake husema kila kitu. Nikianza na mume, lazima kwanza asikie kwamba nilimdanganya kuhusu pesa, kisha asikie kwamba mtoto wake amesikia kabila lake likitukanwa kwa sauti ya mke wake. Sijui mwanamume anasikia nini katika maneno kama hayo. Na uchaguzi ni mwaka 2027, redioni tayari wameanza kelele zao. Sitaki mtoto wangu aufikie mwaka huo akiwa amegawanya wazazi wake mafungu mawili.

Kuhusu begi je? Mtoto anaweza kuambiwa kitu kama hicho? Nilitaka siku moja ajue alikuwa na mjomba mcheshi, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka maji ya mvua ili viatu vyangu visilowe. Ameanza kumjua kutoka mwisho.

Dada yangu wa kanisani, ambaye nimemdokezea kidogo tu, ananishauri niache vikao vyote, nifute rekodi, nimwambie mtoto kwamba ilikuwa hadithi ya redioni. Sitaki kumwongopea. Tena naogopa kuacha nikiwa katikati, maana nimeonja usingizi. Lakini je, ni haki mimi nipone kwa gharama ya mtoto?

Kikao kijacho ni Alhamisi, na mume wangu anaingia Jumamosi, pengine saa nane. Niambie nianze na nani, Shangazi, na kama unaweza, niambie sentensi ya kwanza. Nyingine nitazitafuta mwenyewe.

Fundi wa nguo,
Nakuru