Majaribio ya chanjo ya VVU: majibu yarudi mtaani

Ndugu Mhariri,

Kurasa zako za afya huwa hazinipiti. Chanjo ya VVU ikianza kujaribiwa hapa jijini, habari huwa kubwa: picha ya mtaalamu mwenye koti jeupe, sindano, na neno "matumaini" juu kabisa. Jaribio likiisha, kimya. Nimefanya kazi ya uuguzi Dar es Salaam hadi kustaafu, na kimya hicho nimekiona kikiwaumiza watu.

Mwaka 2007 askari polisi wa jiji hili walijitolea kuchanjwa pale Muhimbili. Walikuwa watu 60, wazima wa afya. Chanjo ile haikuwa na kirusi kizima, ilibeba vipande tu vya vinasaba vyake, kwa hiyo haikuwezekana mtu kuambukizwa kwa kuchanjwa. Karibu wote waliopata chanjo halisi, kinga za miili yao ziliitikia. Lakini kaa kijiwe chochote cha kahawa, hutakosa mtu wa kukuapia kwamba wale askari walitiwa ugonjwa. Nani amewahi kuja kumjibu?

Na hapo ndipo penye jambo ambalo sijaliona likiandikwa gazetini. Kipimo cha haraka tunachotumia zahanati hakimtafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake. Chanjo nayo kazi yake ni kuufundisha mwili utengeneze kingamwili hizo hizo. Matokeo yake, mtu aliyechanjwa anaweza kuonyesha mistari miwili kwa miaka mingi ilhali hana VVU hata kidogo. Watafiti wanalijua hilo vizuri, na washiriki huelezwa kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Asiyeelezwa ni mhudumu wa zahanati.

Jirani yangu mmoja alishiriki jaribio la namna hiyo akiwa msichana. Baadaye akaolewa, akapata ujauzito, akaenda kliniki na mumewe kama tunavyowahimiza. Kipimo cha kwanza, mistari miwili. Cha pili vilevile. Akatoa kwenye mkoba kadi yake ya utafiti, imeshachakaa pembeni. Yule binti wa mapokezi akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia: "Dada, hii mimi siijui." Mume alisikia yote, jioni akahamia kwa kaka yake. Ilibidi damu ipelekwe kwenye maabara inayopima kirusi chenyewe ndipo majibu yakatoka kwamba hana kitu. Mume alirudi, ila maneno ya mtaani kwamba dada wa watu ana ngoma hayakurudi yalikotoka.

Sisemi utafiti usimame. Kirusi hiki kinajibadilisha kila kukicha, na kikishaingia kwenye vinasaba vya seli za kinga kinajificha humo, dawa zikikibana kinalala tu. Bila kujaribu na kushindwa hatutafika. Mwishoni mwa 2023 jaribio la PrEPVacc, lililohusisha Uganda, Afrika Kusini na hapa kwetu Mbeya na Dar es Salaam, lilisitisha uchanjaji baada ya wasimamizi huru kuona chanjo zile hazina dalili ya kukinga. Kushindwa huko ni majibu, tena ya thamani. Mwaka uliofuata ikatangazwa sindano ya lenacapavir, ambayo ni dawa wala si chanjo, inayochomwa mara mbili kwa mwaka: kati ya wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda na Afrika Kusini walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hiyo magazeti yaliipamba, na ilistahili. Ile ya kwetu iliyoshindwa ilipata mistari mingapi gazetini?

Ombi langu kwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wanaotoa kibali cha tafiti hizi: kibali kibebe sharti kwamba majibu ya mwisho, mazuri au mabaya, yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa mtaa walikotoka washiriki, na zahanati za eneo hilo zipewe mfano wa kadi pamoja na namba ya kupiga. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bajeti ya jaribio lenyewe.

Na kwako Mhariri, mwandishi wako akienda kuripoti uzinduzi wa jaribio, aulize siku hiyo hiyo litaisha lini, halafu aandike tarehe ukutani.

Muuguzi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam