Chumvi wataitoa wapi?

Shoga yangu Rehema,

Salaam aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, hofu ni kwako tu. Dhumuni la barua hii (unakumbuka tulivyochapwa kwa kulisahau hilo dhumuni?) ni kukuomba radhi. Muswada wa riwaya yako niko nao tangu kabla ya Ramadhani, na kila ukipiga simu nakwambia nausoma. Nilikuwa nakudanganya. Nimeusoma wiki hii, kwa sababu maji yamekatika mtaani na naamka saa tisa usiku kuwahi foleni kisimani. Nimekalia dumu, karatasi zako mapajani, tochi ya simu mdomoni. Labda ndiyo maana nimeusoma kwa ubishi.

Katika riwaya yako maradhi yameua watu, sawa. Ile miji mitupu umeiandika hadi nikaogopa kwenda chooni peke yangu. Lakini manusura wako 19 wakifika tu Lushoto, wanaitisha mkutano, wanamchagua Daudi mwenyekiti, na sura ya nne wana katiba! Sisi kisimani hatuzidi 40, tunajuana hadi majina ya mbuzi, na siku ya pili tu wanawake wawili walivaana kwa ndoo iliyosogezwa. Aliyewaamua ni Bi Tatu, maana ufunguo wa kisima uko kwake. Hakupigiwa kura na mtu. Alianza kwa kusema wenye wagonjwa watangulie. Kesho yake akapiga marufuku kupanga mawe badala ya ndoo. Keshokutwa watu wakampelekea kesi ya kuku. Nimeona serikali ikizaliwa, Rehema, na imevaa kanga ya msiba. Sasa niambie, Daudi wako ameshika ufunguo wa nini?

Nikaikumbuka Earth Abides, riwaya ya George R. Stewart, ile ya 1949 niliyokuazima ukanirudishia haina jalada. Ulifika mwisho kweli? Yule Ish, aliyenusurika maradhi kama watu wako, na wenzake wako pale ng'ambo ya San Francisco, zaidi ya miaka 20 wanakula vya makopo na kufungua bomba, maana maji yanashuka yenyewe kutoka mabwawani. Kujenga, hakuna anayejenga. Mpaka mwaka wa 22 bomba linakauka, ndipo wanakurupuka. Na kura ninayoikumbuka mle ndani si ya kuchagua kiongozi, ni ya kuamua kama yule mgeni Charlie auawe. Nilikifunga kitabu nikaenda kufua.

Mimi kilichoniuma zaidi ni darasa la Ish, si unajua kazi yangu ya ualimu. Maktaba ya chuo kikuu ipo palepale, vitabu tele, na Ish anataka watoto wasome ili siku moja waifungue. Hawataki. Wanamwangalia kama Kidato cha Pili B wanavyoniangalia mimi saa saba mchana. Mmoja tu, Joey, ndiye mwenye kichwa hicho, naye anakufa kwa homa ya matumbo. Basi mzee anaacha somo, anawafundisha kutengeneza upinde, tena kama mchezo. Akija kuzeeka, vijana wanawinda kwa mishale yenye ncha za sarafu zilizogongwagongwa. Hela ya Marekani, shoga, imekuwa kitu cha kumchoma mnyama! Na nyundo ambayo yeye alikuwa akitembea nayo kwa mazoea tu, wenzake wameshaitukuza. Alichotaka kuwarithisha hawakukipokea, asichokikusudia ndicho wamekishika. Nilitaka kusema kitu hapa kuhusu Mwalimu Kessy na ile filimbi yake lakini tutaongea.

Narudi Lushoto. Chumvi wataitoa wapi? Kurasa 200 wanapika, hakuna aliyeshuka pwani. Hapa kwetu Tanga mashamba ya chumvi yapo, na kutoka milimani ni siku kadhaa kwa miguu. Hiyo peke yake ni sura nzima, tena yenye biashara, vita na harusi ndani yake. Halafu Daudi anaendesha pikipiki mwaka wa kumi. Petroli haikai hivyo, huharibika. Na yale mahindi ya mbegu chotara za dukani: ukizirudia msimu wa pili hazizai kama mwanzo, muulize mama yako. Katika Parable of the Sower ya Octavia Butler, yule binti Lauren anakimbia nyumbani na begi lenye mbegu. Daudi kabeba kompyuta. Nimecheka hadi jirani wa foleni akaniuliza kulikoni.

Najua utanitupia ile riwaya ya Station Eleven, wale wacheza Shakespeare wanaozunguka kando ya Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini, na ule uwanja wa ndege wenye makumbusho ya simu zisizolia. Naipenda, sibishi. Watu wako je, nani anawapigia hata ngoma? Hakuna harusi, hakuna matanga, wanakufa wanazikwa kwa sentensi moja.

Nimekuudhi? Mhariri wako alisemaje, au hujampa? Kwa nini hakuna mkunga katika watu 19, wakati sura ya sita Neema ana mimba? Unaweza kumpa Daudi kazi nyingine, hata uvuvi, ukamwachia bibi wa sura ya tatu huo ufunguo? Na yule wetu wa Muheza, ni kweli ameoa tena, au ni maneno ya Bi Tatu? Unakuja lini, na ukija utanibebea dagaa wa Mwanza?

Naikatisha hapa. Adhana hiyo, na ndoo yangu ni ya sita.

Wako,
Mwanaidi