Bega linauma kwa sababu ya mausi, msicheke

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo watu wanalifanya utani. Mimi nafanya dizaini, kutwa niko kwenye kompyuta mkono juu ya mausi, na kama miezi minne hivi bega la kulia lilikuwa linaniuma, maumivu yanapanda shingoni yanashuka mpaka kwenye kiwiko, nikilalamika kazini naulizwa eti leo umebeba magunia mangapi?

Sasa hapo ndo watu hawaelewi. Wa magunia akitua mzigo msuli wake unapumzika, mwenye mausi hatui, mkono kaunyoosha mbele, kidole kiko juu ya batani kinangoja kubonyeza, na ule msuli wa kutoka shingoni mpaka begani umeushikilia mkono hewani masaa na masaa. Nguvu yenyewe ni ndogo hata huisikii, ila haikatiki. Jioni bega gumu kama ubao.

Nilichua, nikameza dawa za maumivu, wapi. Kumbe tatizo lilikuwa kibodi! Angalia ya kwako, kulia kuna kile kipande cha namba, basi kile ndo kinaisukumia mausi mbali na mwili, unaifuata, kiwiko kinatoka ubavuni, bega linabeba. Na mimi zile namba sizigusi hata mara moja kwa wiki. Nikaomba kazini kibodi fupi isiyo na namba nikaambiwa hii iliyopo mbona nzima. Nimenunua kwa hela yangu, mausi ikasogea, kiwiko kikarudi karibu na mbavu, wiki chache tu nikaanza kulala ubavu wa kulia.

Kingine ni kiganja. Ukikilaza juu ya mausi mifupa miwili ya mkono inapishana, misuli inabaki imejisokota, ndo maana kuna mausi za kusimama unazishika kama unampa mtu mkono. Zinasaidia wengi ila ukiiweka kulekule mbali bega litauma vilevile, hela imeenda bure. Mimi niliongeza spidi ya ule mshale wa kwenye skrini ili mkono usisafiri sana, nikajilazimisha kutumia vibonyezo vya kibodi, Ctrl+C ya kunakili na Ctrl+Z ya kufuta ulichokosea, badala ya kukimbilia menyu kila saa, na siku nyingine nahamishia mkono wa kushoto (usiombe, siku ya kwanza nilikuwa kama mtoto anajifunza kushika penseli).

Ila mtu akianza kusikia ganzi usiku kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata asibaki kuhamisha mausi tu, huo unaweza kuwa mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, aende kwa daktari.

Na wewe mhariri, huyo anayepanga kurasa za gazeti lako, hebu mpitie mezani uone kiwiko chake kiko wapi.

Msomaji wenu, mwenye bega