Mwache mtoto acheze

Swahiba yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia juzi, nimeisoma mara mbili. Alhamdulillahi, kijana amepona baada ya kupasuliwa ngiri, na daktari mwenyewe kamruhusu kucheza. Lakini pale uliposema bado unamfungia ndani wenzake wakikimbia, nikamkumbuka Jahangir Khan, yule bingwa wa skwoshi wa Pakistan, mchezo ule wa kupiga mpira ukutani kwa raketi.

Unajua nilivyompenda mchezaji yule, ila habari za utoto wake nadhani sijakusimulia. Alizaliwa Karachi mwaka 1963, naye alikuwa na ngiri. Alipasuliwa mara mbili, na madaktari wakamkataza michezo ya nguvu. Baba yake, Roshan, aliyewahi kuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Uingereza, akamwachia acheze skwoshi pole pole. Mwaka 1979, akiwa na miaka 15, akatwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa.

Mwaka huohuo kaka yake Torsam, aliyekuwa akimnoa, alianguka uwanjani Australia akicheza, na moyo ukasimama. Akafariki. Hapa ndipo huwa nanyamaza kidogo. Jahangir alitaka kuacha kabisa, kisha akaamua kucheza kwa ajili ya kaka yake. Binamu yake Rahmat akamchukua Uingereza, wakawa wanaamka kukimbia na kufanya mazoezi mpaka miguu ikakataa. Mwaka 1981, akiwa na miaka 17, alimshinda Geoff Hunt wa Australia akawa bingwa wa dunia.

Tangu hapo hakushindwa hadi Novemba 1986, Ross Norman alipomwangusha kwenye fainali ya dunia, Toulouse. Husemwa alikuwa ameshinda mechi 555 mfululizo.

Mimi lakini naipenda zaidi ile ya Chichester, 1983, na Gamal Awad wa Misri. Seti ya kwanza peke yake ilikula saa moja na dakika 11, na Jahangir akaipoteza! Mechi nzima ilikwenda saa mbili na dakika 46, na yeye ndiye aliyetoka mshindi. Mwili uleule uliokatazwa kukimbia.

Mwezi ujao nikija nitamletea kijana raketi yangu ya zamani. Nimeshaifunga nyuzi mpya. Mwambie aniandalie viatu.

Wako daima.