Kabla hujanunua Bwana Msa, fungua kurasa za mwisho

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa nimewamaliza, nipe mwingine."

Muuguzi mstaafu, mteja wa siku nyingi wa duka letu la vitabu, aliweka mfuko juu ya meza. Ndani mlikuwa na riwaya za upelelezi, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu alivyoviazima kwetu kimoja baada ya kingine tangu Ramadhani ilipokwisha. Nikamuuliza kama amewahi kumsoma Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Akasema jina analisikia tangu utotoni, ila siku zote alidhani ni vitabu vya kusomea mtihani. Nikampa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Siku ya tatu alirudi, hata kiti hakutaka. "Miaka yote hii mlikuwa mmemficha wapi?"

Hatukumficha, lakini swali lake lilinichoma, kwa sababu kitabu kile kilikuwa kimekaa kwenye rafu ya nyuma miezi mingi bila mtu kukigusa. Tangu siku ile nimekihamishia mbele, na makala hii naiandika kwa ajili ya wateja ambao wako pale alipokuwa yeye: wamemaliza wapelelezi wanaowajua na wanadhani wamefika mwisho wa njia.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mtu wa magazeti, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la *Mkulima*. Riwaya yake ya kwanza, hiyo ya mzimu, ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Kisha msomaji alingoja hadi 1968 kupata *Kisima cha Giningi*. Miaka ya sabini ndipo zilipofululiza: *Duniani Kuna Watu* 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975 na *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. *Kosa la Bwana Msa* ilikuja 1984. Mwandishi alifariki 1991. Chukua herufi za kwanza za majina yake matatu uziweke pamoja, utaona mpelelezi alipata wapi jina.

Anayetoka kwa Willy Gamba atahitaji kutulia kidogo. Willy Gamba ni jasusi: ana bastola, anapanda ndege, adui zake ni maadui wa nchi. Bwana Msa ni mtu wa kiko na mazungumzo. Ana rafiki yake Najum wa kuandamana naye, na aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes atatambua mara moja mzee huyu na kiko chake ametoka ukoo gani. Lakini kesi zake ni za Unguja tupu. Watu wanaogopa mzimu, maiti inakutwa hukohuko mzimuni, na kila mmoja ana maelezo tayari: watu wa kale wamekasirika. Bwana Msa anakataa kuridhika na jibu hilo. Hawatukani wanaoamini, anauliza tu. Nani alikuwa wapi, nani anamrithi nani, nani kazaliwa na nani. Giningi nayo, kwa asiyejua, ni mahali ambapo masimulizi ya Unguja yanasema wachawi hukutana, na kuliweka jina hilo juu ya hadithi ya upelelezi lilikuwa jambo la ujasiri. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo utamu wa mwandishi huyu. Muuaji anatafutwa ndani ya ukoo, kwenye mirathi, kwenye mtoto ambaye nasaba yake ilifichwa, na aliyekulia katika familia kubwa ya pwani anasoma huku akiwafikiria watu wake mwenyewe.

Lugha yake wengine wanaiogopa. Wateja wa bara huniambia ni Kiswahili kizito. Si kizito, ni cha mahali pake, na ukishakizoea kurasa ishirini za mwanzo kinakubeba. Jambo moja dogo husaidia: Mzanzibari akisema mtu amekwenda shamba, mara nyingi maana yake ametoka mjini kwenda vijijini, si kwamba amekwenda kulima. Na Ng'ambo ni upande wa pili wa mji, ng'ambo ya Mji Mkongwe, wala si Ulaya. Mkikwama kwenye neno, tutumieni ujumbe. Hapa dukani tuna kamusi, na binamu yangu ni mtu wa Makunduchi hasa, tena anafurahi sana kuulizwa.

Sasa nije kwenye tatizo lililo kwenye kichwa cha makala.

Yule mama alipomaliza *Kisima cha Giningi* hakuwa na subira ya kungoja tumtafutie kinachofuata. Akapita penye vitabu vya mitumba, akapata *Siri ya Sifuri* kwa bei nzuri, akasoma usiku hadi saa saba, na kitabu kikakatika. Hadithi ilikuwa haijaisha. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Kesho yake alikuja dukani amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndege aliyeumia, na mimi nilijisikia vibaya mno, maana mimi ndiye niliyemtia hamu ile.

Wanunuzi wa vitabu vya zamani wanahitaji kuelewa kwa nini jambo hili hutokea, na kwa nini riwaya ya upelelezi ndiyo huumia zaidi. Vitabu vingi vya zamani vilichapwa kwenye karatasi kubwa zilizokunjwa zikatoa mafungu ya kurasa, mara nyingi kurasa 16 au 32 kwa fungu, kisha mafungu yakashonwa au kubanwa pamoja. Uzi ukioza, au pini zikishika kutu kwa unyevu wa pwani, fungu la kwanza na la mwisho ndiyo yanayoachia kabla ya mengine, kwa kuwa yako pembeni na ndiyo yanayovutwa kila kitabu kinapofunguliwa. Vilivyounganishwa kwa gundi tu vina shida nyingine: gundi hukauka, ikapasuka, na kurasa hutoka mojamoja. Fungu la kwanza likipotea unakosa jina la mchapishaji na sura ya kuanzia, na ukijitahidi utaelewa. Fungu la mwisho likipotea umekosa muuaji. Mende na mchwa sina haja ya kuwaeleza.

Kuna uharibifu mwingine unaoniuma zaidi kwa sababu unafanywa na wasomaji wenyewe. Mtu anamaliza kitabu, anarudi ukurasa wa mwanzo na kulizungushia kalamu jina la mwenye hatia, pengine na kuandika "ndiye huyu". Mwenzake atakayesoma baada ya miaka kumi ameharibiwa starehe yote.

Kwa hiyo siku hizi kila riwaya ya upelelezi inayoingia dukani kwetu inakaguliwa kabla haijapangwa. Tunahesabu namba za kurasa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, maana kuna nakala zinazoonekana nzima kumbe katikati zimeruka. Kazi hii anapewa aliyekwisha kukisoma kitabu hicho, ili asiyekisoma asijue mwisho kwa bahati mbaya. Alama za penseli tunazifuta. Za wino hazifutiki, basi tunabandika kipande cha karatasi juu yake na kumwambia mnunuzi asikibandue hadi amalize. Mafungu yaliyolegea tunayashona upya kwa uzi wa katani, na jalada tunalirudishia. Kitabu kilichopungukiwa kurasa hatukiuzi hata kwa shilingi mia mbili. Tunakiweka kando, kwa sababu nakala mbili mbovu wakati mwingine hutoa moja nzima.

Wengine hutuomba tuwatolee kopi ya kitabu kizima. Hilo hatulifanyi. Kwa sheria ya hakimiliki yetu, haki za mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo kazi za Abdulla bado zina wenyewe hadi 2041. Kikitoka chapisho jipya tunaliagiza, na ninawasihi mlinunue jipya pale linapopatikana, hata kama la mtumba ni nafuu.

Mpangilio wa kusoma tunaoupendekeza ni huu. Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kwa kuwa ndipo alipoanzia yeye mwenyewe, kisha *Kisima cha Giningi*. Baada ya hapo soma chochote utakachokipata, kila kesi inajitosheleza. Nakuomba jambo moja tu: *Kosa la Bwana Msa* iache mwisho. Jina lenyewe lina uzito zaidi kwa msomaji ambaye ameshamwona mzee huyu akipatia mara nyingi. Ukitaka kupanua mlo katikati, *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, yenye Inspekta Wingo, ni jirani mzuri.

Kuazima ni shilingi 2,000 kwa wiki mbili, na amana inarudishwa kitabu kikirudi salama. Walio mikoani tunawafungia kifurushi na kukipeleka kwa basi. Nauli ya kifurushi analipa mteja. Ukipenda, taja wapelelezi uliowahi kuwasoma na kipi kilikuchosha, nasi tutakuchagulia. Tukikosea chaguo, rudisha ndani ya siku tatu na hulipi.

Yule mama bado hajapata mwisho wa *Siri ya Sifuri*. Ninaujua, na ameniomba nisimwambie. Tunatafuta nakala nzima, au hata iliyokatika mwanzo mradi mwisho wake upo, tuunganishe na aliyonayo. Kama iko kwenye sanduku la babu au stoo ya shule mliyosoma, na wenyewe wameridhia kuiuza, tupigieni. Tutakuja kuichukua, na tutalipa bei ya haki.